Shajara ya 2⁶⁷ − 1

Jumamosi, 7 Juni 2025

Namba yenyewe hii hapa:

147,573,952,589,676,412,927

Ni 2 kwa kipeo cha 67, kisha ukatoa 1. Tarakimu 21. Nimeiandika kwa wino kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya la hesabu, lile la vijiraba, kwa sababu nataka kila tarakimu ikae kwenye chumba chake. Daftari hili lote ni lake.

Nimeichagua hii kwa sababu iliwahi kuitwa tasa na mtu mkubwa, ikabaki kwenye orodha kwa zaidi ya miaka mia mbili. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne alichapisha orodha ya vipeo ambavyo alisema vinafanya 2ⁿ − 1 kuwa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Leo tunajua kwamba 67 na 257 hazikustahili kuwemo, na kwamba 61, 89 na 107 zilistahili zikaachwa. Kwa mtu aliyefanya kazi bila mashine yoyote, naona bado ni orodha ya kuheshimiwa.

Ninachotaka ni hiki. Kwanza nijihakikishie mwenyewe kwamba namba hii si tasa, kabla sijaviona vigawo vyake. Halafu nivitafute vigawo. Halafu nivizidishe kwa mkono, bila kikokotoo, mpaka nirudi kwenye tarakimu hizi 21. Majibu yapo vitabuni na yanajulikana tangu 1903. Nataka tu nipite njia yote kwa miguu yangu.

Za haraka haraka leo: ni witiri. Jumla ya tarakimu zake ni 109, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3 wala kwa 9 (ukigawa kwa 9 inabaki 1, hilo nitalihitaji baadaye). Inaishia na 7, basi 5 nayo haimo. Ukiiandika kwa tarakimu za 0 na 1 peke yake, kama kompyuta inavyoziweka, inakuwa moja 67 zilizopangwa mstari mmoja bila sifuri hata moja. Hilo lilinipendeza kuliko yote.

Jumapili, 8 Juni

Programu yangu ya kwanza imeniambia namba hii ni tasa.

Nilikuwa nimeandika kipimo kinachotokana na Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa zamani: kama n ni namba tasa witiri, basi 2 kwa kipeo cha n − 1, ukigawa kwa n, hubaki 1. Nikaiweka namba yangu, jibu likatoka 1. Nikaangalia upya kila mstari wa programu. Hakuna kosa. Nimekaa nalo kuanzia asubuhi hadi adhuhuri ndipo nikaelewa kwamba kosa liko kwenye kipimo, na kwamba namba za aina hii zinakipita zote, ziwe tasa au zisiwe.

Sababu ni hii. Namba yangu nitaiita N. N − 1 ni sawa na 2 × (2⁶⁶ − 1). Kwa kuwa 67 ni tasa, Fermat huyo huyo anasema 67 inagawanya 2⁶⁶ − 1 bila baki. Basi N − 1 ni kigawe cha 67. Lakini 2⁶⁷ ukiigawa kwa N inabaki 1, maana N ni 2⁶⁷ pungufu ya moja. Ukiipandisha 1 kwa kipeo chochote inabaki 1. Kipimo kilikuwa kimefungwa kabla hakijaanza.

Mfano mdogo wa kushika mkononi ni 2¹¹ − 1 = 2,047. Hii ni 23 × 89, si tasa hata kidogo, lakini 2,046 ni 11 × 186, na kwa njia ile ile kipimo cha msingi 2 (msingi ni ile namba inayopandishwa) kinaipitisha. Hata kipimo kikali zaidi, cha Miller na Rabin, ukikipa msingi 2 peke yake kinaipitisha N.

Nikabadilisha msingi kutoka 2 kwenda 3. Hapo hapo jibu likatoka namba ndefu isiyo 1. Kwa hiyo N si tasa. Nimepigia mstari mwekundu daftarini: *usiijaribu 2ᵖ − 1 kwa msingi 2*.

Jumamosi, 14 Juni

Msingi 3 ulitosha, lakini sikutaka kuliacha jambo hapo bila kupita alikopita mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas. Ni yeye aliyeonyesha mwaka 1876 kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa. Njia yake ilinyooshwa na Derrick Henry Lehmer mwaka 1930, na ndiyo hii: anza na 4. Kila hatua izidishe namba uliyonayo kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa 2ᵖ − 1, ubaki na baki. Fanya hatua p − 2. Kipeo p kikiwa namba tasa witiri na mwishoni ukapata 0, namba yako ni tasa. Usipopata 0, si tasa. Hakuna "huenda".

Kwa 2⁷ − 1 = 127 zinahitajika hatua tano:

4, 14, 67, 42, 111, 0.

Hatua ya mwisho ni nzuri kuiangalia kwa karibu: 111 × 111 ni 12,321, toa 2, unapata 12,319, na hiyo ni 127 × 97 kamili. Sifuri safi. Basi 127 ni tasa.

Kwa 2,047 nilifanya hatua tisa kwa mkono, nikiwa nimekaa barazani:

4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736.

Haikuja sifuri. Na hapa ndipo mtu anapaswa kusimama kidogo. Mstari huo unakuambia kwa uhakika kamili kwamba 2,047 ina vigawo, lakini ukiutazama hata siku nzima hutaiona 23 wala 89 ndani yake. 1736 haikuonyeshi njia ya kwenda kokote.

Kwa N ni hatua 65, na karibu kila hatua inazidisha tarakimu 20 au 21 kwa tarakimu hizo hizo. Kompyuta ilimaliza kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe. Baki ya mwisho si sifuri. Nimejua sasa alichokijua Lucas, na nimekwama alipokwama. Kati ya siku ile ya 1876 na siku vigawo vilipojulikana ilipita miaka 27. Muda wote huo watu walijua kwa uhakika kwamba nyumba ina watu ndani, na hakuna aliyekuwa ameuona mlango.

Jumamosi, 21 Juni

Leo sikugusa kompyuta. Kazi ilikuwa kujua vigawo vya N vinaweza kuwa na sura gani kabla ya kuanza kuvisaka.

Kusaka bila mpango ni balaa. Kipeuo cha pili cha N kinazidi kidogo bilioni 12.148. Ungejaribu kila witiri mpaka huko, ungefanya migawanyo zaidi ya bilioni sita.

Lakini tuseme q ni namba tasa inayogawanya N. Maana yake 2⁶⁷ ukiigawa kwa q inabaki 1. Sasa hesabu vipeo vya 2 kama siku, na kila siku ambayo baki ni 1 iite siku ya gulio. Gulio hurudi baada ya idadi ile ile ya siku, haliyumbi. Siku ya 67 ni ya gulio. Kwa kuwa 67 ni tasa, na gulio haliwezi kuwa la kila siku, lazima liwe la kila siku 67. Fermat naye anatuambia siku ya q − 1 ni ya gulio. Basi q − 1 inagawanyika kwa 67. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, kwa hiyo inagawanyika kwa 134.

Kwa hiyo kila kigawo tasa cha N kina sura ya 134k + 1. Nimeijaribu sura hii kwenye ndugu zake wadogo. Kwa 2¹¹ − 1 ni 22k + 1: 23 ni k = 1, 89 ni k = 4. Kwa 2³⁷ − 1, ambayo Fermat mwenyewe aliipasua mwaka 1640, ni 74k + 1, na kigawo alichokipata ni 223, yaani k = 3. Jaribio la tatu tu. Nilifurahi kana kwamba nimekipata mimi.

Kuna chujio la pili: q ikigawanywa kwa 8 lazima ibaki 1 au 7. Kwa 134k + 1 hilo linamaanisha k igawanywe kwa 4 ibaki 0 au 1. Nusu ya wanaosubiri foleni wanarudi nyumbani.

Jumapili, 22 Juni

k = 1,445,580.

Programu ina mistari tisa. Inapita k moja baada ya nyingine, inaruka zile ambazo chujio limezikataa, na kwa kila q inauliza swali moja: je, 2⁶⁷ inabaki 1? Ilisimama baada ya sekunde chache, ikiwa imewajaribu 722,790, na wa mwisho ndiye:

193,707,721

Mwenzake, baada ya kugawanya, ni 761,838,257,287. Nilisimama nikatembea uani kidogo, nikarudi.

Sikutaka kuamini kioo. Nikachukua daftari nikaifuata 2⁶⁷ kwa mkono, nikigawa kwa 193,707,721. Mbili kwa kipeo cha 32 ni 4,294,967,296. Toa mara 22 ya q, ambayo ni 4,261,569,862, inabaki 33,397,434. Hiyo uizidishe kwa yenyewe upate baki ya kipeo cha 64:

33,397,434 × 33,397,434 = 1,115,388,597,784,356

Ukigawa kwa q, inaingia mara 5,758,100 na kubaki 169,494,256. (Mgawanyo huu peke yake ulinichukua ukurasa mzima.) Kutoka kipeo cha 64 kwenda cha 67 ni kuzidisha kwa 8: inapatikana 1,355,954,048. Na mara 7 ya q ni 1,355,954,047.

Inabaki 1.

Kuna jambo zuri zaidi hapa, nalo ni kwamba huyu mkubwa, 761,838,257,287, hahitaji kupimwa tena kama ni tasa. Angekuwa na kigawo tasa ndani yake, kigawo hicho kingekuwa pia kigawo cha N, kwa hiyo kingekuwa na sura ya 134k + 1, na kikiwa chini ya 193,707,721 programu ingekutana nacho kwanza. Haikukutana na kitu. Basi vigawo vyake, kama vingekuwepo, visingepungua 193,707,721 kila kimoja, na viwili vya namna hiyo vikizidishwa vinamzidi mbali sana. Wote wawili ni tasa. Utafutaji uliofuata utaratibu umejithibitisha wenyewe.

Jumapili, 29 Juni

Nimekuwa nikimfikiria Frank Nelson Cole wiki nzima.

Cole alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, na tarehe 31 Oktoba 1903, kwenye mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani mjini New York, aliwasilisha vigawo hivi viwili. Inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila kusema neno, akapandisha 2 mpaka kipeo cha 67, akatoa 1, akahamia upande mwingine wa ubao akazizidisha namba mbili, majibu yakalingana, akarudi kukaa, na ukumbi ukapiga makofi. Inasimuliwa pia kwamba alipoulizwa baadaye ilimchukua muda gani, alijibu kwamba Jumapili za miaka mitatu.

Miaka mitatu ni Jumapili kama 156. Mimi nimetumia Jumapili mbili, na kazi ngumu zaidi ikafanywa na mashine ndani ya sekunde. Cole hakupita k moja moja kama nilivyofanya. Alizibana kwanza kwa mabaki ya vipeo vya pili ili wengi waanguke mapema. Mtu wa kalamu hana budi kuchuja zaidi kuliko mtu wa kompyuta. Kila mara ninapoona sekunde zile chache nakumbuka kwamba zimesimama juu ya mabega ya kazi ya mikono.

Jioni nilijaribu njia ya John Pollard ya mwaka 1974, kwa sababu niliona kitu nilipokuwa nikiivunja q − 1:

193,707,720 = 2³ × 3³ × 5 × 67 × 2,677

Vipande vyote ni vidogo! Kigawo cha tarakimu tisa, lakini ukikipunguza moja kinasagika kama unga. Njia ya Pollard inanufaika na hali hiyo hasa. Unachukua KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya namba zote kuanzia 1 hadi, tuseme, 3,000, unapandisha msingi wako kwa kipeo hicho, unatoa 1, unatafuta KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya jibu na N. Kwa kuwa 193,707,720 inaigawanya KDS hiyo, baki lazima liangukie kwenye kigawo. Mwenzake mkubwa hanaswi, maana yeye akipunguzwa moja anabaki na kipande tasa kinachozidi 3,000.

Kwa msingi 3 nilipata 193,707,721 mara moja. Kwa msingi 2 nilipata N yenyewe, nzima, bila kupasuka, kwa sababu gulio la 2 ni la kila siku 67 kwa vigawo vyote viwili, kwa hiyo vinanaswa pamoja. Msingi 2 tena! Mstari mwekundu wa tarehe 8 nimeupigia wa pili chini yake.

Jumatatu, 7 Julai (Sabasaba)

Siku ya mapumziko, kwa hiyo siku ya kuzidisha. Nimetumia karatasi mbili za mraba zilizounganishwa kwa gundi.

Upande wa kushoto 2⁶⁷. Kipeo cha 64 ni 18,446,744,073,709,551,616, mara 8 ni 147,573,952,589,676,412,928, toa 1.

Upande wa kulia niliikata namba ndogo vipande vitatu, 193 na 707 na 721, nikamzidisha mkubwa kwa kila kimoja. Nilipojumlisha, tarakimu za katikati zilikataa kulingana na za kushoto. Nilirudia kujumlisha mara mbili, jibu likawa lile lile.

Binti yangu, yuko kidato cha pili, alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Nikamweleza habari ya kutoa tisa: kila mstari una jumla ya tarakimu inayoweza kutabiriwa. Mkubwa jumla yake ni 64, yaani 10, yaani 1. Na 707 ni 14, yaani 5. Basi mstari wa 707 lazima uishie na 5. Akajumlisha mstari wangu, 538,618,647,901,909, kwa kidole.

"Baba, huu unatoka sabini na sita. Inakuwa kumi na tatu. Inakuwa nne."

Tukaufungua mstari huo. Mara 700 ni 533,286,780,100,900. Mara 7 ni 5,332,867,801,009. Kwenye 780 na 867 panapatikana 1,647. Akaweka kidole pale pale. "Hapa, Baba. Umeandika 647, ukasahau kubeba moja."

Kweli. Mistari sahihi ni hii:

mara 193: 147,034,783,656,391
mara 707: 538,619,647,901,909
mara 721: 549,285,383,503,927

Wa kwanza unasogezwa vyumba sita kushoto, wa pili vyumba vitatu, wa tatu unabaki mahali pake. Yeye ndiye aliyejumlisha kwa sauti kuanzia kulia, mimi nikifuata kwa kalamu upande wa kushoto: mia tisa ishirini na saba, mia nne kumi na mbili, mia sita sabini na sita, mia tano themanini na tisa, mia tisa hamsini na mbili, mia tano sabini na tatu, mia moja arobaini na saba.

Akanyamaza. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akaniomba kalamu ya wino aandike alama ya sawa katikati. Chai ilikuwa imepoa.

Jumapili, 13 Julai

Mambo machache ya kufunga ukurasa wa N. Ina vigawo vinne tu: 1, hao wawili, na yenyewe. Ukiacha yenyewe, vilivyobaki vinajumlika kuwa 762,031,965,009, kiasi ambacho N inakizidi zaidi ya mara milioni 193. Kama N ingekuwa tasa, kama Mersenne alivyoamini, basi 2⁶⁶ × N ingekuwa namba kamilifu, inayolingana na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo chini yake, kama 6 na 28. Haikuwa hivyo. Namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana mpaka naandika ni ya ukoo huu huu, 2 kwa kipeo cha 136,279,841 toa 1, iliyotangazwa Oktoba 2024, yenye tarakimu 41,024,320. Daftari langu haliwezi kuibeba.

Binti ameuliza ni ipi inayofuata. Kipeo tasa baada ya 67 ni 71. Nimemwonyesha kwamba safari hii sura ni 142k + 1, na kwamba chujio la nane linabakiza k za 0 na 1 zile zile. Amesema tusitumie kompyuta. Tumegawana: yeye k zinazobaki 0, mimi zinazobaki 1. Leo tumefika k = 41, na hakuna aliyepata baki 1.

Kesho ana shule. Tutaendelea Jumamosi.